Walikohamia Wapiga Kura wa Kamukunji

Nimeshuhudia vyama vinne vikubwa vikivunjika nikiwa mkazi wa Eastlands: FORD mwaka 1992, FORD-Asili kabla ya uchaguzi wa 1997, NARC baada ya kura ya maoni ya 2005, na Jubilee kuelekea 2022. Kila kimoja kiliwahi kujaza viwanja. Kila kimoja kilipoanguka, wanasiasa waligombania urithi: ofisi, cheti cha usajili, nembo, na zaidi ya yote kura. Mimi nililelewa miongoni mwa watu waliogombaniwa hivyo, na naandika kwa sababu wanastahili kueleweka vizuri zaidi. Mpiga kura aliyeachwa na chama chake haendi anakoamriwa. Huenda kwa watu ambao tayari anawategemea. Na kama watu anaowategemea ni wa kabila lake peke yao, huko ndiko atakakoishia.

Tulikaa Shauri Moyo kwenye nyumba za kanjo, na Baba alikuwa fundi wa mabati Jua Kali ya Kamukunji. Anayepita pale leo atasikia kelele zilezile za utoto wangu: nyundo juu ya chuma kuanzia asubuhi hadi giza, mafundi wakitengeneza masanduku ya wanafunzi, majiko, karai na sufuria kubwa za hoteli. Baba alitoka Butere. Fundi wa kibanda cha kushoto alitoka Murang'a, wa kulia alitoka Siaya, na mzee aliyewafundisha wote kukunja bati alitoka Machakos. Walinunua mabati kwa pamoja ili wapunguziwe bei, na walikuwa na daftari moja la michango. Jumamosi jioni kila mmoja alitoa alichonacho na jina lake likaandikwa. Mtu akifiwa, daftari lilifunguliwa. Mtoto akikosa karo, daftari lilifunguliwa. Mzee wa Machakos ndiye aliyelitunza, na sikuwahi kusikia mtu akitilia shaka hesabu zake.

Kadi ya KANU, chama pekee cha wakati huo, nayo kila mmoja alikuwa nayo, kwa sababu nyingine kabisa. Miaka ya 1980 vijana wa chama walipita masokoni na kwenye vituo vya matatu wakidai kadi, na asiyekuwa nayo alisumbuliwa. Mwaka 1988 ukaja mlolongo: katika mchujo wa KANU watu walipanga foleni hadharani nyuma ya wagombea, na sehemu nyingi za nchi mwenye foleni fupi akatangazwa mshindi. Baba aliniambia baadaye kwamba siku hiyo ndiyo aliyotoka KANU, ingawa kadi ilibaki mfukoni kwa miaka mitatu zaidi. Hilo ni jambo la kwanza nililojifunza: watu huhama chama moyoni mapema sana kabla ya kuhama kwa kadi. Chama kinachohesabu kadi hakiwezi kuliona hilo likitokea.

Julai 1990 Kenneth Matiba na Charles Rubia waliitisha mkutano katika uwanja wa Kamukunji, hatua chache kutoka karakana ya Baba. Walikamatwa tarehe 4, na tarehe 7 polisi waliuzingira uwanja. Fujo zilisambaa Eastlands yote na nje ya Nairobi, na watu zaidi ya 20 wakauawa. Mwaka uliofuata, Agosti 1991, wazee sita wakatangaza FORD: Jaramogi Oginga Odinga, Masinde Muliro, Martin Shikuku, Philip Gachoka, Ahmed Bamahriz na George Nthenge. Ukitazama majina hayo sita utaona ni kwa nini karakana ya Baba iliingia FORD nzima nzima. Kila fundi aliona wa kwao akiwa amekaa meza moja na wa jirani yake. Serikali ilikubali kukifuta kifungu cha 2A cha katiba, kilichoruhusu KANU peke yake, Desemba 1991, na tarehe 18 Januari 1992 FORD ikafanya mkutano wake wa kwanza wa halali pale Kamukunji. Mafundi walifunga vibanda. Nilimwona Baba, mtu mkimya sana, akiinua vidole viwili, alama ya vyama vingi, na kupaza sauti kama kijana.

FORD haikumaliza mwaka. Kundi la Odinga lilikaa Agip House, kundi la Matiba na Shikuku likakaa Muthithi House, na ugomvi ulikuwa ni nani atakayegombea urais na atachaguliwa vipi: na wanachama moja kwa moja nchi nzima, kama walivyotaka watu wa Muthithi, au na wajumbe, kama walivyotaka watu wa Agip. Kufikia Oktoba kulikuwa na vyama viwili, FORD-Kenya na FORD-Asili. Fundi wa Siaya alimfuata Jaramogi. Fundi wa Murang'a alimfuata Matiba. Baba alimfuata Shikuku, kwa hiyo naye akaingia Asili. Mzee wa Machakos akaenda Asili kwa sababu ya Nthenge, aliyekuwa akigombea ubunge wa Kamukunji kwa tiketi hiyo.

Tarehe 29 Desemba 1992 FORD-Asili ilichukua viti 6 kati ya 8 vya Nairobi, Kamukunji na Embakasi vikiwemo. Nthenge, Mkamba, alichaguliwa katika eneo ambalo Wakikuyu, Waluhya, Wajaluo, Wakamba na Wasomali wanaishi mlango kwa mlango. Nakumbusha hili kila ninapoambiwa kwamba Eastlands haijawahi kupiga kura kwa lolote ila ukabila. Chama kilipokuwa na sura ya watu wengi, kura nazo zilikuwa na sura hiyo. Lakini kitaifa Rais Moi wa KANU alishinda kwa asilimia 36 tu. Matiba alipata 26, Mwai Kibaki wa DP 19, Odinga 17. Wapinzani wake watatu kwa pamoja walikuwa na wengi, nao kwa kutengana wakashindwa. Karakana ilifungwa kwa maombolezo ya siku kadhaa ambayo hakuna aliyeyatangaza.

Kilichofuata ndicho kipindi ambacho waandishi wa siasa hukiruka, kwa sababu hakina mikutano wala matokeo ya kutangaza. Mimi nakiona ndicho muhimu kuliko vyote. Kati ya 1993 na 1997 FORD-Asili iliozea mikononi mwa wenyewe. Matiba na Shikuku walifarakana, ofisi zikagombaniwa, na wanachama wa kawaida hawakuulizwa lolote. Jaramogi alifariki Januari 1994, na FORD-Kenya nayo ikagawanyika kati ya Michael Wamalwa na Raila Odinga hadi Raila akahamia chama cha NDP. Katika karakana sikumwona mtu akitangaza kwamba amehama. Niliwaona wakinyamaza. Waliacha kwenda mikutanoni, wakaacha kubishana, wakaanza kuwataja viongozi wao kwa majina matupu bila "mheshimiwa". Ukimya huo haukuwa kutojali. Walikuwa wakipima. Kila mmoja alitazama jirani yake anasema nini, kanisani kunasemwa nini, watu wa nyumbani wanaokuja Nairobi kwa matanga wanasema nini. Uamuzi ulikuwa ukipikwa mahali ambapo chama hakikuwa na mjumbe hata mmoja.

Kisha ukaja uchaguzi wa 1997. Matiba aliususia na kuwataka wafuasi wake wasusie. Fundi wa Murang'a alimpenda Matiba kuliko mtu yeyote katika siasa. Alijua jinsi alivyougua akiwa kizuizini na alikuwa miongoni mwa umati uliompokea aliporudi kutoka London Mei 1992. Hata hivyo alijiandikisha. Baba alipomuuliza, alijibu, "Matiba yuko moyoni, lakini kwenye karatasi hayuko. Mimi nitaachaje kura yangu bure?" Alimpigia Mwai Kibaki wa DP. Ni Kibaki yuleyule ambaye aliwahi kusema kwamba kujaribu kuing'oa KANU ni kama kukata mugumo kwa wembe, kauli ambayo watu wa FORD pale Kamukunji waliidhihaki sana, na ambaye alijiunga na upinzani baada ya wengine kupigwa na kufungwa. Miaka mitano baadaye mioyo ilikuwa imempa nafasi, si kwa kumsahau Matiba, bali kwa sababu alikuwa ndiye aliyebaki mwenye uwezo wa kuwasimamia.

Kwa upande wa Baba mambo yalikuwa magumu zaidi, maana Shikuku alikuwa kwenye karatasi. Alibaki na FORD-Asili yenyewe, jina na nembo, na aligombea urais. Nchi nzima hakupata hata asilimia 1. Chama kilichokuwa na wabunge 31 kikarudi na mmoja. Baba, mtu wa Butere aliyemheshimu Shikuku tangu ujana wake, alimpigia Wamalwa. Nilitaka kujua sababu, akaniambia hawezi kumfuata mtu hadi ndani ya nyumba iliyohamwa. Hilo limenifundisha kwamba cheti cha msajili si chama. Chama ni imani kwamba wenzako watakuwepo siku ya kura. Imani hiyo ikivunjika, anayebaki na cheti amebaki na karatasi.

Ila kuna kura nyingine siku hiyo ambayo hesabu za kitaifa hazikuieleza. Mvua za El Niño zilifanya mambo yakwame kiasi kwamba upigaji kura uliongezwa hadi siku ya pili. Kwa urais, kila fundi alienda njia yake: Kibaki, Wamalwa, Raila, na mzee wa Machakos akampigia Charity Ngilu. Kwa ubunge na udiwani walikaa chini kwanza. Walizungumza juu ya vibanda, maji, taa za usiku, na askari wa kanjo waliokuwa wakinyang'anya bidhaa barabarani. Walikubaliana kumpa kura Norman Nyagah wa DP, wakaenda na kupiga hivyo, kila mmoja akiwa ametoka kumpigia rais tofauti. Nyagah alishinda, na DP ikachukua viti 5 vya Nairobi, vingi vikiwa vile vya Asili.

Nimeutafakari mgawanyiko huo kwa miaka mingi. Katika jambo la urais, mafundi hawakuwa na chombo chochote cha kuwaunganisha baada ya FORD kufa, kwa hiyo kila mtu alirudi kwa watu wa lugha yake, maana hao ndio waliompokea. Katika jambo la Kamukunji walikuwa na chombo: daftari la mzee wa Machakos, ununuzi wa mabati, miaka mingi ya kuzikana. Watu walewale, siku ileile, wakafanya maamuzi ya aina mbili. Kwa hiyo sikubali kwamba mpiga kura wa Eastlands ana asili moja isiyobadilika. Ana mahali pa kukimbilia, na mahali hapo hujengwa au huachwa bila kujengwa.

NARC, muungano wa upinzani, iliwarudisha wote pamoja. Tarehe 14 Oktoba 2002, pale Uhuru Park, Raila alisema Kibaki anatosha, na Desemba Kibaki akashinda kwa takriban asilimia 62. Karakana ilipiga kura kwa sauti moja kwa mara ya kwanza tangu foleni zilipoachwa. Lakini NARC ilikuwa makubaliano ya wakubwa, yaliyoandikwa katika waraka ambao mwananchi hakuuona. Waraka ulipovunjwa hakukuwa na kikao chochote cha mtaani ambapo mtu wa kawaida angeuliza kwa nini. Novemba 2005, katika kura ya maoni, tukagawanywa kwa ndizi ya kuunga mkono na chungwa la kupinga. Asilimia 58 ya wapiga kura waliikataa rasimu ya katiba, na chama kilichotuunganisha kikawa vyama viwili vinavyotazamana kwa chuki.

Wakati huo nilikuwa nimepanga Dandora, jimbo la Embakasi. Desemba 2007 Embakasi ilimchagua Mugabe Were wa ODM, chama cha chungwa, aliyewahi kuwa diwani wa Dandora. Wengi waliompigia niliowafahamu walianza na kazi aliyoifanya mtaani kabla ya kutaja chungwa. Aliuawa kwa risasi Januari 2008, wiki chache tu baada ya kuapishwa, nchi ikiwa tayari inawaka. Nililoliona katika wiki hizo sitaki lirudie. Familia zilihama plot usiku, zikaenda mitaa ambako majirani wanaongea kama wao. Kura zilipokuwa zimehamia kabila, miili nayo ikafuata. Plot yetu haikuhamwa. Tulikuwa na kamati ya maji ambayo kila mlango ulichangia, na wanaume wa kamati hiyo, wa makabila manne, waligawana zamu za kulinda lango. Sisemi kwamba kamati ya maji inaweza kuzuia vita. Nasema walikuwa wamezoea kuaminiana katika jambo dogo, na siku jambo kubwa lilipokuja hawakuanza kutafutana majina.

Leo naishi Umoja, na hapa nimeona Jubilee ikivunjika. Ilizaliwa Kasarani Septemba 2016 kwa kuunganisha vyama vingi vidogo, ikashinda 2017, na baada ya Rais Uhuru Kenyatta na Raila Odinga kupeana mikono Machi 2018 ikaanza kupasuka kati yake na naibu wake, William Ruto. Wachambuzi walisema kura za Jubilee Nairobi zitahamia UDA, chama cha Ruto, kwa pamoja. Hazikufanya hivyo. Katika uchaguzi wa 2022, Embakasi Kaskazini na Embakasi ya Kati wabunge waliohamia UDA walirudishwa. Embakasi Magharibi, yaani hapa kwetu Umoja, mbunge aliyehamia UDA alishindwa na Mark Mwenje wa Jubilee, mwana wa David Mwenje, mbunge wa zamani wa Embakasi. Kamukunji ilimrudisha Yusuf Hassan, ambaye tangu 2011 amechaguliwa kupitia PNU, TNA, kisha Jubilee mara mbili. Majimbo yaliyopakana, wapiga kura waliotoka chama kimoja, nao wakaamua tofauti kwa sababu za mtaa wao. Nani alifika msibani? Nani alitoa basari bila kuuliza jina la ukoo? Nani hupokea simu? Maswali hayo watu huyaita madogo. Mimi nayaheshimu, kwa sababu ndiyo pekee ambayo mwananchi anaweza kuyajibu kwa alichokiona kwa macho yake.

Ubaya ni kwamba vyama vyetu havijajifunza chochote kutokana na hayo. Sheria ya Vyama vya Siasa ya 2011 inadai chama kiwe na wanachama wasiopungua 1,000 katika kila moja ya zaidi ya nusu ya kaunti. Juni 2021 Wakenya wengi walifungua tovuti ya eCitizen wakakuta majina yao yamesajiliwa katika vyama ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo. Mimi nawaza daftari la mzee wa Machakos, ambalo kila jina ndani yake lilikuwa la mtu aliyetoa pesa yake kwa hiari na anayeweza kuuliza imeenda wapi. Daftari hilo lilidumu kuliko FORD, kuliko Asili, kuliko NARC. Lilidumu kwa sababu lilikuwa la kweli.

Juni 2024 vijana wa Eastlands waliingia katikati ya jiji kuupinga Mswada wa Fedha wakisema hawana chama, hawana kabila, hawana kiongozi. Nawaelewa, na nawapenda kwa ujasiri wao. Wameona wazazi wao wakihamishwa kutoka nembo hadi nembo. Lakini nawasihi wasikae bila chombo kwa muda mrefu. Nimeona mara nne sasa kwamba pengo linaloachwa na chama hujazwa na kilicho karibu, na kilicho karibu mara nyingi ni kabila. Ukimya wa 1993 hadi 1997 ulikuwa nafasi ya kujenga, na hakuna aliyejenga.

Raila Odinga alifariki tarehe 15 Oktoba 2025, na swali lile limerudi kwa nguvu Makadara, Embakasi Mashariki, Kariobangi na kila mahali ambako ODM imekuwa nyumba ya watu kwa miaka 20: kura hizi zitarithiwa na nani? Nimeona magwiji wakijipanga kuzipokea. Kwa niliyoyaona, hazitapokewa na yeyote kwa sababu tu ana ofisi au jina la ukoo. Watu watanyamaza, watapima, kisha watawafuata wanaowaamini.

Kwa hiyo kazi iko kwetu wakazi, na wakati wake ni huu, kabla ya Agosti 2027. Kila wadi ya Eastlands ina vikundi vya akina mama vya kuweka akiba, sacco za matatu, kamati za maji na usalama, mafundi, vijana wa uwanja wa mpira. Vikutane kwa pamoja. Viandike mambo matano ambayo wadi inayataka, wagombea wa vyama vyote waitwe kuyajibu mbele ya watu, na majibu yao yahifadhiwe ili miaka mitano baadaye yasomwe tena. Kazi hiyo haihitaji idhini ya kigogo wala pesa ya kampeni. Chama kikija kuvunjika baada ya hapo, na kitavunjika, mpiga kura wa Kamukunji au Umoja atakuwa na watu wa kwenda kwao ambao si wa kabila lake peke yao. Mafundi wanne waliweza kwa upande wa ubunge, katika mwaka mgumu, bila msaada wa mtu. Wadi nzima inaweza.